Yule Mmarekani aliyemchora mjusi anayepumua: alifanyaje, na kazi ilimlisha?

Brashi wa Mikindani (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mchora vibao, naishi Mikindani. Naandika majina ya maduka na saluni, nachora kuku na chipsi kwenye kuta za vibanda, naandika majina ya mashua kule ufukweni, na msimu wa korosho ukifunguliwa napata vijikazi vya kuandika kwenye maghala. Shule ya uchoraji sijakanyaga. Nilianza kwa kumshikia ngazi fundi mmoja mzee. Siku moja homa ilimpanda akiwa juu, mkono ukawa unatetemeka, akanipa brashi nimalizie herufi tatu zilizobaki. Tangu hapo sijaiweka chini.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tano, alikuja na kazi ya shule kuhusu mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, kule Lindi. Nikamchorea kwenye daftari, nikaona nimempatia. Mtoto akaangalia, akaangalia tena, akaniambia: "Mjomba, huyu amekufa. Mfanye atembee."

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikachora karatasi 40, A4 hizi za kawaida, nikazipiga picha moja moja kwa simu na kuziunganisha kwa programu ya bure. Mjusi ametembea, siwezi kusema hakutembea. Lakini kilima cha nyuma yake kinarukaruka kama kimepakiwa kwenye lori la Newala, na miguu yake haina uzito kabisa. Mnyama wa tani nyingi anakanyaga kama kunguru.

Katika kutafuta nikakutana na filamu fupi ya mwaka 1914, haina sauti, ya Mmarekani aitwaye Winsor McCay. Mjusi wake ni jike, jina lake Gertie. Nimeirudia mpaka bando limekata. Wakuu, yule mjusi anapumua! Anapokuwa amesimama tu, hafanyi lolote, ubavu unapanda na kushuka. Akigombezwa analia machozi kama mtoto. Akiinama kunywa maji analikausha bwawa zima. Nimesoma mahali kwamba McCay alikuwa mchora katuni wa magazeti, basi.

Naomba mwenye kumjua anieleze: alijifunzia wapi, alifanyaje nyuma kusicheze, na uchoraji ulimlisha mpaka mwisho? Hili la mwisho siulizi kwa udadisi. Nina watoto wawili, na mama yao amenipa mpaka mwisho wa msimu huu niamue kama nabaki na brashi au tunanunua pikipiki.

Mwalimu wa Ubao (Lindi)

Mwanangu wa Mikindani, nimekusoma mara mbili. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Lindi mjini. Nimefundisha shule za msingi miaka 32, Nachingwea, Ruangwa na mwisho hapa, na muda wote huo picha za vitabu ambavyo hatukuwa navyo nilizichora ubaoni kwa chaki. Huyo McCay nimekaa naye muda mrefu. Mgeni mmoja wa kujitolea aliyefundisha nasi miaka ya tisini aliniachia kitabu kikubwa cha kurasa zake za gazeti, kikubwa kiasi kwamba hakiingii kwenye kabati, nakilaza juu yake. Ngoja nikueleze.

Jina lake kamili ni Zenas Winsor McCay. Alikulia Spring Lake, jimbo la Michigan. Mwaka wa kuzaliwa unatajwa tofauti tofauti, kuanzia 1867 hadi 1871, kama wazee wetu waliozaliwa mwaka wa nzige. Baba yake alimpeleka chuo cha biashara mjini Ypsilanti akajifunze uandishi wa hesabu. Kijana akawa anatoroka. Anapanda treni kwenda Detroit, anakaa kwenye nyumba ya maonyesho ya maajabu, zile ambazo watu walilipa kiingilio kidogo kuona vitu vya ajabu, na anawachora wateja sura zao kwa senti 25. Hapo ndipo alipojifunzia, kwenye macho ya watu. Mwalimu mmoja tu alimfundisha rasmi, John Goodison wa chuo cha ualimu cha hukohuko Ypsilanti, na alimfundisha jambo moja: namna vitu vinavyopungua ukubwa kadiri vinavyokwenda mbali. Ukizitazama kurasa zake utaona somo hilo limo katika kila jumba na kila ngazi. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu, mwalimu wa somo moja aliyelifundisha sawasawa anatosha.

Mwaka 1889 akaenda Chicago kwenye kiwanda kilichochapisha mabango ya sarakasi. Miaka miwili baadaye akahamia Cincinnati, akawa mchora mabango wa nyumba nyingine ya maajabu. Kwa hiyo, mwanangu, yule alikuwa mchora vibao. Kazi yako na yake ni moja. Alikuwa akichora nje, barabarani, na watu wanasimama kumtazama, maana aliweza kuanza mstari mahali popote pa umbo na kuuzungusha mpaka mtu mzima akatokea bila kuinua brashi. Baadaye magazeti ya mji ule yakamchukua, na mwaka 1903 gazeti la New York Herald likamwita New York.

Hapo sasa ndipo alipofunguka. Mwaka 1904 alianza katuni ya mtoto Sammy ambaye kila wiki anapiga chafya na kuharibu kila kitu. Boksi la kwanza pua inawasha, la pili anavuta pumzi, la tatu, la nne, halafu dunia inapasuka. Kuna moja ambayo chafya inavunja mistari ya boksi lenyewe la katuni, vipande vinamwangukia mtoto mwilini. Mwaka huohuo akaanza nyingine ya watu wanaokula mkate wenye jibini la kuyeyushwa usiku, wanalala na kuota jinamizi. Hiyo aliitia saini jina la Silas, kwa sababu ilitoka kwenye gazeti jingine la kampuni ileile na mkataba haukumruhusu kutumia jina lake.

Lakini kubwa lao ni Nemo. Ilianza Jumapili ya tarehe 15 Oktoba 1905. Ukurasa mzima wa gazeti, wa rangi. Mtoto Nemo kila Jumapili anaitwa kwenda katika nchi ya usingizi, anapita maajabu, na katika boksi la mwisho anaamka, mara nyingi ameanguka kutoka kitandani. Tarehe hiyo huku kwetu kusini Majimaji inawaka. Nimekitazama kitabu hiki mara nyingi nikiwaza kwamba watoto wa New York walikuwa wakifunua Nemo Jumapili asubuhi na wazee wetu wamo vichakani.

Ukurasa ninaoupenda kuliko zote ni wa tarehe 26 Julai 1908. Nemo amekaa kitandani. Miguu ya kitanda inaanza kurefuka. Kinatoka nje, kinatembea mjini kama punda mrefu, kinazidi kurefuka mpaka kinavuka mapaa ya majumba, na maboksi yenyewe ya katuni yanarefuka kuifuata miguu. Karatasi imekuwa ndefu kwa sababu kitanda ni kirefu! Halafu kinajikwaa. Tazama magoti ya kile kitanda, mwanangu. Kitanda hakina magoti, lakini yeye ameyaona. Hiyo ndiyo dawa ya mjusi wako anayekanyaga kama kunguru. Kabla hujachora mguu unaoinuka, chora uzito unaohamia mguu mwingine.

Kuhusu filamu. Tangu mwaka 1906 McCay alikuwa anapanda jukwaani jioni, kwenye kumbi za burudani. Anachora kwa chaki haraka haraka huku bendi inapiga, sura mbili, mwanamume na mwanamke, akiwazeesha hatua kwa hatua kutoka utoto mpaka uzee, michoro 25 kwa dakika 15. Filamu zake alizitengeneza kwa ajili ya jukwaa hilo. Ya kwanza, ya mwaka 1911, ilikuwa na michoro 4,000. Ya pili, 1912, ni ya mbu anayenyonya damu ya mtu aliyelala mpaka anapasuka. Hiyo watoto wa Lindi wataielewa bila kuambiwa neno.

Gertie ni ya tatu. Ilionyeshwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1914. McCay mwenyewe anasimama pembeni ya pazia na mjeledi mkononi, anamwamuru mjusi ainue mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Anamrushia tufaha la kadibodi: anageuka, analificha mfukoni, na wakati uleule tufaha lililochorwa linatokea na mjusi analidaka. Mwisho McCay anatoka jukwaani, anatokea ndani ya picha akiwa amechorwa, mjusi anambeba mgongoni na wanaondoka. Fikiria mtu wa mwaka 1914 ambaye hajawahi kuona kitu kama hicho.

Alichoraje? Karatasi nyembamba za mchele zinazopitisha mwanga, ukubwa wa daftari, na wino. Kwenye pembe za kila karatasi kuna alama ya msalaba, na misalaba hiyo lazima ikae palepale kwenye kila mchoro. Wewe hukuweka alama, ndiyo maana kilima kinaruka. Hakuanza kuchora wa kwanza, wa pili, wa tatu kama ulivyofanya. Alichora kwanza mikao mikubwa, mguu chini na mguu juu, kisha wa katikati yake, kisha wa katikati ya katikati. Mwendo wa kurudiarudia, kama kupumua, alitumia michoro ileile tena na tena. Na muda wa pumzi hakuukisia, alijipima mwenyewe kwa saa, kuvuta na kutoa. Sekunde moja ilikula michoro 16.

Ila hakuwa peke yake kabisa. Kijana jirani yake, John Fitzsimmons, ndiye aliyenakili mandhari ya nyuma, miamba na bwawa lile, kwenye kila karatasi. Maelfu ya mara, jiwe lilelile. Jina lake lisisahaulike. Ukiangalia kwa makini utaona miamba inatetemeka kidogo, kwa sababu hata mkono wa mtu makini haurudii mstari sawasawa mara elfu. McCay akalitatua hilo katika filamu yake kubwa ya mwaka 1918, kuhusu kuzama kwa meli Lusitania. Alichora vinavyotembea juu ya plastiki angavu, mandhari chini yake ikachorwa mara moja tu. Michoro 25,000, karibu miaka miwili. Kwa hiyo nenda stesheneri ununue zile plastiki angavu za kufungia ripoti. Chora kilima kimoja kwenye manila, kibandike kwenye ubao, mjusi mchore kwenye plastiki. Piga misumari miwili midogo juu ya ubao, toboa kila plastiki matundu mawili yanayolingana nayo. Na simu usiishike mkononi, ifunge kwenye kiti.

Sasa la kulishwa. Hapa nitasema kwa uzito, maana nilipokuwa kijana nami nilituma katuni zangu kwenye gazeti moja la Dar es Salaam, zikatoka sita, sikulipwa hata nauli, na kwa miaka mingi niliamini mchoraji lazima afe njaa. McCay hakufa njaa. Alilipwa vizuri, alijenga nyumba Sheepshead Bay, kule Brooklyn. Lakini aliyemlisha ni gazeti, filamu hazikumlisha. Gertie alichorwa na mtu ambaye asubuhi ana kazi ya mwajiri.

Na mwajiri naye alimchosha. Mwaka 1911 alihamia kwa William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti. Hearst hakutaka aendelee kuhangaika na jukwaa, akambana, na badala ya ndoto za Nemo akampa kazi ya kuchorea tahariri za Arthur Brisbane: picha kubwa za majitu yanayoitwa Uvivu au Tamaa. Mistari imenyooka, kila kitu mahali pake, lakini mimi nikizitazama nasikia mtu aliyebanwa. Nemo alirudi kati ya 1924 na 1926 kwenye gazeti la zamani, wasomaji wakawa wamekwisha kuhama, na wenye gazeti wakamkabidhi haki zote za Nemo kwa dola 1.

Mbinu zake hakuzifungia. Aliwaonyesha watu. Mmoja, John Randolph Bray, akaenda kujiandikishia hataza za njia kama hizo, kisha akamshtaki McCay mwenyewe. McCay akashinda, akawa analipwa mrabaha kwa miaka kadhaa.

Alifariki tarehe 26 Julai 1934, tarehe ileile ya kitanda kinachotembea. Kilichotangulia kufa ni mkono wa kuchorea. Ulipooza ghafla, akamwambia mkewe, na siku hiyohiyo akaondoka. Maelfu ya michoro ya Gertie yalipotea. Iliyobaki, kama 400, ilikutwa imetupwa ovyo katika duka la vitambaa.

Kwa hiyo swali lako la brashi au pikipiki mimi nalipanga hivi: vibao vya saluni ndivyo gazeti lako. Mama watoto ana haki ya kuuliza, mwonyeshe hesabu ya vibao, usimwonyeshe mjusi.

Mkazi wa Mipingo (Lindi)

Mwalimu, shikamoo. Maelezo yameenda shule.

Naingia kwa jambo moja, kwa sababu Tendaguru ni kwetu. Ndugu Brashi, tafadhali usimnakili Gertie. Gertie ni mjusi wa Marekani, wa aina ya Brontosaurus. Mifupa ya aina hiyo ilisimamishwa New York kwenye makumbusho mwaka 1905, na McCay katika filamu anaonekana akienda kuitazama. Huyo mgongo wake umepinda katikati, kiuno kiko juu. Mjusi wa kwetu, ambaye wataalamu wanamwita Giraffatitan, miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma. Mabega juu, mgongo unateremka kama wa twiga, shingo inapanda. Mifupa yake iliyosimamishwa makumbusho ya Berlin, Ujerumani, ina kimo cha zaidi ya mita 13. Akipiga hatua, uzito unaanzia begani. Ukimchora kama Gertie utakuwa umemwandikia mtoto insha ya mnyama mwingine.

Halafu tazameni miaka. Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913. Mwaka uliofuata Gertie akapanda jukwaani Chicago. Wakati mtu mmoja New York anapinda mgongo juu ya karatasi za mchele, huku watu hadi 500 kwa msimu walikuwa mashimoni, na mifupa ikafungwa kwenye mianzi na plasta, ikabebwa kichwani na mabegani siku nne mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na Wajerumani wenyewe waliandika jina lake kwa heshima. Babu yake babu yangu alikuwa mmoja wa wapagazi. Nyumbani husimuliwa kwamba walikuwa hawajui wamebeba nini, ila walijua kila mzigo una namba, na ole wako namba ifutike.

Mwalimu amesema jina la Fitzsimmons lisisahaulike. Na la Boheti pia.

Bi Chaki (Newala)

Nami ni mwalimu, nafundisha darasa la pili. Nilikuwa nataka kuwaonyesha watoto Nemo baada ya kusoma hapa, nikatafuta kurasa usiku. Nimekuta humo mtoto wa Kiafrika, Impie, kachorwa midomo mikubwa, kavaa majani, haongei lugha yoyote inayoeleweka, anafuatana na wenzake kama kima wa kufugwa. Nilifunga simu. Mwalimu wa Ubao, hukuliona hili kwenye kitabu chako miaka yote?

Mwalimu wa Ubao (Lindi)

Bi Chaki, nililiona. Nilipaswa kulisema mwanzo, na naomba radhi kwa kuliruka.

Lilianza kabla ya Nemo. Mwaka 1903 kule Cincinnati alikuwa na mfululizo wa Jumapili kuhusu watoto wa msituni, wote weusi, wote wamechorwa hivyohivyo, wanawachokoza wanyama. Impie ametoka huko. Huyu mtu aliyeweza kuona goti kwenye kitanda hakuona uso wa mtoto mweusi. Hakumtazama. Alinakili midomo na macho yaliyokuwa yakinakiliwa na kila mchoraji wa magazeti ya Marekani wa wakati ule, na wazungu wakicheka. Kwa mtu mwenye jicho lile, kosa ni kubwa zaidi.

Darasani mimi nilifanya hivi: wadogo niliwaonyesha ukurasa wa kitanda na filamu ya mbu, basi. Darasa la saba niliwawekea Impie mbele na kuwaambia wamchore upya, wamchore mtu wanayemfahamu. Binti mmoja alimchora mdogo wake anayelinda shamba la mpunga dhidi ya ndege, teo mkononi, jicho moja kalifumba kwa kulenga. Karatasi ile nimeiweka ndani ya kitabu, juu ya ukurasa wa Impie, na ipo mpaka leo.

Bi Chaki (Newala)

Asante, Mwalimu. Nitaanza na kitanda.

Brashi wa Mikindani (Mtwara)

Wakuu, nilinyamaza wiki mbili kwa sababu nilikuwa kazini.

Plastiki nimezipata stesheneri ya Chikongola, nikanunua 24, hela ya kibao kimoja cha saluni. Wino wa kalamu ulikuwa unateleza na kufutika. Nikajaribu rangi ya mafuta niliyoichanganya na thina kidogo, kwa brashi namba moja, ileile ya kuandikia namba za mashua. Imeshika. Misumari miwili, matundu mawili, simu imefungwa kwenye stuli kwa mpira wa baiskeli. Kilima nimekichora mara moja kwenye manila, na kimetulia, hakitikisiki hata kidogo. Nilikaa nakiangalia kilima tu.

La pumzi ndilo lililonichukua muda. Nililala chali sakafuni, mke wangu akashika simu ananihesabia sekunde. Kwanza aliona ni upuuzi, halafu akaniambia, "Unapovuta, bega linatangulia, tumbo linafuata." Mimi sikuwa nimeliona. Nikachora hivyo: bega kwanza, ubavu baadaye, plastiki nane tu zinazorudiwa. Mjusi akapumua, wakuu. Amesimama pale, mabega juu kama alivyosema mkazi wa Mipingo, na anapumua.

Mtoto wa dada alipoona hakusema kitu. Alisogeza uso karibu na kioo cha simu mpaka pumzi yake ikaacha ukungu.

Hesabu ya vibao tumeiandika kwenye daftari, mimi na mama watoto, ya miezi mitatu iliyopita. Tutaiangalia tena msimu ukifungwa.

Sasa nimekwama kwenye mkia. Mkazi wa Mipingo, naomba unisaidie: mkia wake unaburuza chini akitembea, au?

Mkazi wa Mipingo (Lindi)

Hauburuzi. Zamani Berlin walimsimamisha mkia chini, tangu 1937. Walipomfungua na kumpanga upya, akasimama tena mwaka 2007 na mkia uko hewani. Unyanyue.